Gesi ya kicheko: Bidhaa ya jikoni inayokata miguu

MTUNGI wenyewe ni mdogo na mwepesi kubeba, umepakwa rangi za kuvutia na ubavuni una picha ya embe au zabibu. Mfanyabiashara anayeuona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni rangi ya kupuliza au manukato ya nyumba. Karatasi za mzigo husema ni gesi ya kuumulia krimu ya keki na kahawa, na kwa hilo hazidanganyi. Gesi hiyo hufanya kazi hiyo kweli, katika hoteli na viwanda vya kuoka mikate, kila siku.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mitungi iliyouzwa Ulaya katika miaka ya karibuni haikufika jikoni. Ilifunguliwa kwenye sherehe, maegesho ya magari na vyumba vya wanafunzi. Gesi ikajazwa kwenye maputo na kuvutwa kwa mdomo, ili mtu apate kicheko na kizunguzungu cha dakika moja au mbili. Baada ya hapo hospitali zikaanza kupokea vijana wenye miaka 20 na kitu wasioweza kupanda ngazi, wenye ganzi toka vidole vya miguu hadi kiunoni. Wengine walifika wakisukumwa kwenye kiti cha magurudumu.

Gesi hiyo ni naitrasi oksidi, maarufu kama gesi ya kicheko. Uingereza, Uholanzi, Ufaransa na Ubelgiji zimeibana kwa sheria kati ya mwaka 2021 na 2024. Kwa mtu anayeishi kwa kununua huku na kuuza kule, hiyo ni habari ya biashara kabla ya kuwa habari ya afya. Bidhaa inapofungiwa soko moja, aliyejaza ghala huanza kutafuta jingine. Swali kwa Afrika Mashariki ni kama mipaka yake itaitambua bidhaa hiyo itakapobisha hodi, au itaipokea kama kopo la kawaida la dukani.

Dawa ya zamani, ulevi wa zamani

Gesi hii si ngeni. Joseph Priestley, mwanasayansi wa Uingereza, aliielezea mwaka 1772. Mwaka 1799 Humphry Davy aliivuta mwenyewe mjini Bristol, akaona inaondoa maumivu na kuleta furaha. Mwaka 1844 daktari wa meno Horace Wells, wa Hartford nchini Marekani, alikubali kung'olewa jino akiwa ameivuta. Tangu hapo imebaki hospitalini hadi leo. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na katika nchi nyingi mama aliye katika uchungu hupewa ikiwa imechanganywa nusu kwa nusu na oksijeni.

Dalili kwamba ina upande wa pili nazo ni za zamani. Mwaka 1956 madaktari wa Denmark waliripoti kuwa wagonjwa wa pepopunda waliowekwa kwenye gesi hii kwa siku kadhaa mfululizo waliacha kutengeneza damu vizuri katika uboho wa mifupa yao. Mwaka 1978 daktari Robert Layzer wa Marekani akaeleza kundi la wagonjwa waliopatwa na ganzi na kushindwa kutembea. Wengi wao walikuwa madaktari wa meno, watu waliokuwa na mtungi kazini na muda wa kuutumia.

Kilichobadilika baadaye ni upatikanaji. Kwa miaka mingi aliyetaka kuivuta alitumia kichupa cha chuma chenye gramu 8, kinachotosha puto moja. Kisha wafanyabiashara wakaleta mitungi ya gramu 600 na zaidi, hadi ya kilo 2. Mtungi wa gramu 600 ni sawa na vichupa 75, na wa kilo 2 ni sawa na 250. Bei ya puto ikashuka, na aliyekuwa akivuta mara mbili kwenye sherehe akaanza kuvuta makumi kwa usiku mmoja. Novemba 2022 kituo cha Umoja wa Ulaya kinachofuatilia dawa za kulevya kilitoa ripoti kuhusu mwenendo huo. Kilieleza kuwa nchini Denmark kesi za watu kudhurika na gesi hii zilipanda kutoka 16 mwaka 2015 hadi 73 mwaka 2021. Ufaransa zilitoka 10 mwaka 2017 hadi 134 mwaka 2020, na Uholanzi zilitoka 13 mwaka 2015 hadi 144 mwaka 2020.

Mfanyabiashara yeyote anaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Ujazo ukiwa mkubwa na bei ya kipimo ikishuka, mnunuzi huchukua zaidi. Hapa kilichoongezeka ni sumu mwilini.

Gesi inavyofika kwenye mishipa

Madhara ya gesi hii hupitia kwenye vitamini B12, ile inayopatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Katikati ya vitamini hiyo kuna chembe ya madini ya kobalti. Gesi ya kicheko huishambulia chembe hiyo na kuiharibu, mfano wa kutu kwenye chuma. Vitamini hubaki mwilini, lakini haifanyi kazi tena.

Kazi yake mojawapo ni kutunza ganda la mafuta linalozunguka mishipa ya fahamu. Ganda hilo linafanana na plastiki inayofunika waya wa umeme. Plastiki ikichubuka, umeme huvuja au hukatika njiani. Mwilini waya mrefu kuliko yote ni ule unaotoka mgongoni hadi kwenye unyayo, na ndiyo maana dalili huanzia miguuni.

Mwanzoni mtu husikia vidole vikichomachoma kama sindano. Baadaye huja ganzi inayopanda taratibu hadi magotini, na mikono nayo hufuata. Mshipa mkuu wa fahamu uliomo ndani ya uti wa mgongo huharibika hasa upande wake wa nyuma, unaopeleka kwenye ubongo taarifa za mahali miguu ilipo. Taarifa hizo zikikatika, mtu hutembea akitazama chini kila hatua. Mchana anajimudu, gizani anaanguka. Akifumba macho kunawa uso, anayumba. Wengine wakiinamisha shingo husikia kitu kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni. Hali ikizidi, mkojo na choo hushindwa kuzuilika, na kwa wanaume nguvu za kiume hupotea.

Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtu anayeivuta kwa starehe. Wengi wanaolemaa ni wale wanaovuta mara kwa mara na kwa wingi. Lakini aliye na akiba ndogo ya vitamini B12 anaweza kudhurika mapema zaidi, na hapo Afrika Mashariki ina sababu zake za kujihadhari. Wapo watu wengi ambao mlo wao ni ugali na mboga, huku nyama na maziwa vikionekana kwa nadra. Wapo pia wagonjwa wa kisukari wanaotumia metifomini kwa miaka, dawa ambayo hupunguza vitamini hiyo mwilini.

Mgonjwa wa hospitali hana haja ya kuogopa kwa sababu hii. Anayepewa gesi hiyo kwa muda mfupi, ikiwa imechanganywa na oksijeni na mtaalamu akiwa kando, hayuko katika kundi la anayemaliza mtungi peke yake. Mvutaji wa mtaani ana hatari nyingine pia. Gesi inayotoka moja kwa moja kwenye mtungi ni baridi kiasi cha kuunguza midomo na koo, na anayeivuta ndani ya mfuko au kwenye chumba kisicho na hewa anaweza kufa kwa kukosa oksijeni. Akiwa ameshika usukani, hatari hiyo huwa ya wote walio barabarani. Nchini Uholanzi shirika la usalama barabarani la Team Alert lilihusisha gesi hii na ajali zipatazo 1,800 katika miaka mitatu.

Vipimo vinavyodanganya

Jambo linalowapa madaktari kazi ni kwamba kipimo cha kawaida cha vitamini B12 kwenye damu kinaweza kuonyesha kila kitu ni sawa. Kipimo huhesabu vitamini iliyopo, wala hakisemi kama inafanya kazi. Ndiyo sababu mwongozo uliotolewa na madaktari wa Uingereza mwaka 2023 unasisitiza kupima vitu vingine, kama homosisteini, ambayo hupanda vitamini inapolemazwa, na kumuuliza mgonjwa waziwazi kuhusu gesi. Matibabu ni sindano za vitamini B12 zinazoanza mara moja bila kusubiri majibu yote, na kuacha gesi kabisa. Wapo wanaopona ndani ya miezi, na wapo wanaobaki na fimbo. Kila wiki ya kuchelewa hupunguza nafasi ya kupona.

Kwa mazingira ya hapa kuna mtego zaidi. Mtu akisikia ganzi miguuni, hatua ya kwanza kwa wengi ni kwenda duka la dawa kununua vidonge vya vitamini B, dawa inayojulikana na kila muuzaji kuwa ya ganzi. Kijana anayevuta gesi akimeza vidonge hivyo huku akiendelea kuvuta, hajikingi, kwa sababu gesi inaendelea kuiharibu vitamini inayoingia. Akienda kupima, damu yake itaonyesha vitamini tele na ataambiwa hana tatizo. Asidi ya foliki nayo ikitolewa peke yake kabla ya sindano za B12 inaweza kurekebisha damu huku mishipa ikizidi kuharibika. Mhudumu wa afya asiyeijua gesi hii anaweza kumrudisha nyumbani mgonjwa anayehitaji sindano siku hiyo hiyo.

Jina la bidhaa ndilo lililofungua mlango

Uzoefu wa Uholanzi unafaa kusomwa na kila anayepanga sera za mipaka. Nchi hiyo ilikuwa ikiisimamia gesi ya kicheko chini ya sheria za dawa. Julai 2014 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa kitu kinachobadilisha hali ya mwili bila kuleta faida ya tiba hakiwezi kuitwa dawa. Kesi yenyewe haikuhusu gesi hii, lakini matokeo yake yaliifikia. Mwaka 2016 Uholanzi iliihamishia kwenye kundi la bidhaa za kawaida, na biashara ikachanua. Ilichukua hadi Januari 1, 2023 kwa serikali kuifunga kwa kuiingiza kwenye sheria ya dawa za kulevya, huku ikiacha nafasi kwa matumizi ya tiba, ufundi na chakula.

Ufaransa ilianza mapema kidogo. Sheria ya Juni 1, 2021 ilikataza kuwauzia watoto, na kukataza kabisa kuuzwa kwenye baa na maduka ya tumbaku. Kuanzia Januari 2024 mtu binafsi huko anaruhusiwa kununua vichupa vidogo tu, visivyozidi 10 kwa boksi. Yaani Wafaransa waliulenga mtungi mkubwa wenyewe, ule ulioshusha bei ya puto.

Uingereza ilichukua njia kali zaidi. Takwimu za England na Wales za mwaka ulioishia Machi 2020 zilionyesha kuwa asilimia 8.7 ya vijana wa miaka 16 hadi 24 walikuwa wameitumia ndani ya mwaka huo. Baraza linaloishauri serikali kuhusu dawa za kulevya lilipendekeza mapema 2023 isiingizwe kwenye sheria kuu ya dawa hizo, likihofia adhabu kuzidi kosa na wenye matumizi halali kupata usumbufu. Serikali haikufuata ushauri huo. Tangu Novemba 8, 2023 kukutwa nayo kwa nia ya kulewa ni kosa linaloweza kumfunga mtu miaka miwili, na anayeiuza kwa nia hiyo anaweza kufungwa hadi miaka 14. Ubelgiji ikafuata mwaka 2024 kwa kupiga marufuku uingizaji na uuzaji usio na sababu halali.

Nchi nne, sheria nne, ndani ya bara moja dogo. Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki ameiona picha hiyo kwake.

Somo la viroba

Kenya ilipiga marufuku pombe za mifuko ya plastiki mwaka 2004. Tanzania ilifuata Machi 1, 2017, na Uganda mwaka 2019. Kwa miaka yote iliyopita katikati, kiroba kilichokuwa halali upande mmoja wa daraja kilikuwa magendo upande wa pili. Faida ilipatikana kwa kuvuka tu, na waliokamatwa hawakuwa wenye viwanda. Walikuwa waendesha bodaboda, wapagazi, na akina mama waliopewa mzigo wasafirishe kwa ujira mdogo. Shisha nayo ilipita njia hiyo: Tanzania, Kenya na Rwanda ziliifunga, lakini kila moja kwa wakati wake na kwa tangazo lake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, na sasa ni nchi wanachama nane. Hata hivyo mamlaka za dawa na mashirika ya viwango ni ya kila nchi. Mtungi wa gesi ya kicheko unaangukia katikati ya taasisi hizo. Ukiitwa dawa, unapelekwa kwa mamlaka ya dawa. Ukiitwa kifaa cha jikoni, unapelekwa kwa watu wa viwango, ambao wataangalia kama chuma ni imara na lebo inasomeka. Kama hakuna anayeuliza mtungi wa kilo 2 wenye ladha ya embe unakwenda kwenye jiko gani, utapita.

Na swali hilo ndilo lenye jibu. Hospitali huagiza gesi hii kwa mitungi mikubwa ya kitabibu kupitia wasambazaji wanaojulikana. Mwoka keki hahitaji gesi yenye ladha, kwa kuwa ladha anaitia kwenye krimu. Mtungi mkubwa, wenye rangi na ladha, unaouzwa pamoja na maputo, unamweleza afisa wa forodha mteja wake ni nani hata kabla ya kufunguliwa.

Mwenye mzigo ajiulize

Kwa mfanyabiashara mdogo wa Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo, hatari ya kwanza ni ya kisheria. Utaratibu rahisi wa kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mtungi uliotoka nje ya Jumuiya haumo humo, hata kama umenunuliwa duka la jirani. Anayeuchanganya na mzigo wa vyombo vya nyumbani anaweka vyombo vyote rehani.

Hatari ya pili ni ya njiani. Kwa kanuni za kimataifa za usafirishaji, gesi hii iko kwenye kundi la mizigo ya hatari, namba UN 1070, na kifungashio chake kinatakiwa kuwa na alama ya kijani ya gesi pamoja na ya njano ya kitu kinachochochea moto. Yenyewe haiwaki, lakini huufanya moto uliopo uwake kwa nguvu. Ndani ya mtungi imegandamizwa hadi kuwa kimiminika, na joto likipanda shinikizo hupanda. Mtungi uliofichwa chini ya viti vya basi, kwenye jua la saa nane mchana, si mzigo wa kufanyia majaribio. Ulaya mitungi iliyotupwa na taka imelipuka ndani ya matanuri ya kuchomea taka.

Hatari ya tatu ni ya soko lenyewe. Sheria ikija ghafla, kama ilivyokuja kwa viroba, aliye na mzigo ghalani ndiye anayebaki na hasara. Mwenye mkopo wa kikundi hawezi kuiambia benki kuwa bidhaa imebadilika jina.

Kwa hiyo kabla ya kupokea katoni, yapo maswali ya kumuuliza anayeileta. Gesi iliyomo inaitwaje kwenye karatasi, na jina hilo ni lile lililo kwenye mtungi? Mnunuzi wa upande wa pili ni hoteli yenye leseni, au ni mtu wa klabu anayelipa taslimu usiku? Kwa nini mtungi ni mkubwa hivyo, na maputo ya nini? Asiyepata majibu ya kueleweka ana haki ya kuuacha mzigo hapo ulipo.

Kwa upande wa serikali, kazi haina gharama kubwa ikifanywa mapema. Nchi wanachama zinaweza kukubaliana ukubwa wa juu wa mtungi unaoruhusiwa kuuzwa kwa mtu binafsi, zikakataza ladha, zikataka mwagizaji wa mitungi mikubwa awe na kibali kinachotambulika nchi zote. Njia ya Ufaransa ya kubana kipimo ina faida kwamba haimfanyi mwoka mikate kuwa mhalifu, na hospitali haiguswi. Njia ya Uingereza inatisha zaidi, lakini adhabu kali bila elimu kwa wahudumu wa afya humfanya kijana mwenye ganzi afiche anachovuta, na daktari asiyeambiwa hatajua cha kupima.

Elimu hiyo ndiyo ya haraka kuliko yote. Wauzaji wa maduka ya dawa, manesi wa zahanati za mipakani na madaktari wanapaswa kuwa na swali moja zaidi la kumuuliza kijana anayelalamika kuwa hasikii miguu yake: je, unavuta gesi? Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti, na jibu lake linaweza kumwokoa mtu na kiti cha magurudumu.

Viroba vilichukua miaka 15 kati ya marufuku ya kwanza na ya tatu. Mishipa ya fahamu ya kijana anayemaliza mtungi kila wikiendi haingoji hata miaka miwili. Arusha, kwenye makao makuu ya Jumuiya, bado kuna muda wa kukubaliana kabla mtungi haujawa bei sokoni. Na kule mpakani, ambako mizigo huanza kuonekana kabla ya sheria, mwenye mkokoteni ana uamuzi wake wa kufanya leo: abebe, au aulize kwanza.